Diski za nyuma kwenye Hilux Vigo: seti ya Australia na gereji ya Shimanzi iliyoifunga

Kazi yangu ni kushua na kupandisha mashua. Wenye boti za uvuvi na za kupigia mbizi, kuanzia Kilifi hadi Shimoni, hunipigia simu. Nafunga trela nyuma ya Hilux yangu, pikapu ya Toyota, naingia majini kinyumenyume mpaka chombo kielee, kisha natoka. Magurudumu ya nyuma ya gari hili hunywa maji ya chumvi kila wiki. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, inabidi niifuate bahari hadi kwenye mchanga laini, na hapo tairi huzama mpaka nusu ya rimu. Nimebadilisha breki za nyuma kutoka dramu (chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu na kubanwa kwa ndani) kwenda diski (sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili), nimezitumia kaskazi na kusi, na nataka kueleza nilichokipata kwa pesa yangu, maana watu wengi hapa Pwani huniuliza na majibu wanayopewa gereji ni ya haraka mno.

Gari ni Vigo dabo kabini, dizeli ya lita 3.0, rimu za inchi 16, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikabe ukikanyaga breki kwa nguvu). Mbele ina diski, nyuma ilitoka kiwandani na dramu za milimita 295. Dramu siidharau. Shuu (kipande kinachobana dramu kwa ndani) ya mbele ikishagusa dramu inayozunguka, dramu yenyewe huivuta na kuikaza zaidi, kwa hiyo mguu mdogo hutoa breki kubwa. Ni rahisi kutengeneza, yabeba mzigo, na hendibreki yake hukamata kweli. Ndiyo maana Toyota wameendelea kuifunga nyuma ya Hilux miaka yote hii. Mwaka 2022 waliitoa Hilux Rogue kule Australia ikiwa na diski nyuma, lakini hiyo ni ya bei ya juu. Pikapu ya kawaida ya kazi wakati huo ilibaki na dramu yake.

Taabu ni kwamba dramu ni chungu kilichofunikwa, kinachoingia hakitoki. Maji ya bahari hupenya kwenye sahani ya nyuma, mchanga ukayafuata, na vyote vikabaki humo vikisagana na lainingi, lile tabaka la shuu linalogusa dramu. Ukitoka majini breki ya kwanza haikamati, ya pili inavuta upande mmoja, ya tatu ndiyo breki. Kwa mtu anayepanda njia ya mawe na boti ya tani mbili nyuma yake, halafu anaingia barabara kuu yenye matatu na bodaboda, breki ya tatu imechelewa.

Halafu ipo ile skurubu ya nyota inayojirekebisha yenyewe. Kutu huishika. Ikishikwa, shuu hubaki mbali na dramu, pedali ikaanza kushuka chini na hendibreki ikavutwa mpaka karibu na kiwiko. Unataka kurekebisha, inabidi uitoe dramu, nayo imeganda. Uso wa dramu ya Toyota una matundu mawili yenye hesi. Unatia bolti mbili za milimita 8, unazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, huku unaigonga pembeni kwa nyundo ya plastiki, mpaka ule ukingo wa kutu uliojijenga ndani uruke juu ya shuu. Mara nyingine springi ndogo za kushikia shuu hutoka nayo zikiwa vipande. Nimeifanya kazi hiyo uani kwangu usiku, tochi kichwani, kwa sababu asubuhi kuna boti inangoja maji kujaa, na maji hayamngoji mtu.

Nilipoamua kubadilisha, gereji moja ya upande wa bara iliniambia watachomelea vibao kwenye aksili, watie kalipa (makoleo yanayobana diski) za gari jingine walizonazo stoo, na habari ya hendibreki “tutaiona baadaye”. Niliondoka. Kibao cha kalipa hubeba nguvu yote ya gurudumu linapozuiwa. Hicho si kitu cha kuchomelea kwa makadirio ya macho. Njia nyingine niliyoifikiria ni kununua aksili nzima ya Toyota nyingine iliyokwisha kuwa na diski. Wazo zuri mpaka uanze kupima. Zipo Land Cruiser 79 zenye diski nyuma, lakini rimu zao ni za nati tano, na Hilux ni nati sita. Ungebadilisha na magurudumu ya mbele pia, au utembee na spea mbili za aina mbili.

Nikaagiza seti iliyotengenezwa kwa ajili ya Hilux: diski mbili, kalipa mbili, pedi zinazogusa diski, vibao vya kufungia kwa bolti, paipu na hosi za mafuta, kebo za hendibreki. Kwa bei ya dukani, usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilinifikia ikiwa imepita shilingi za Kenya laki mbili na nusu. Ni pesa nyingi. Kwa nini Australia? Kwa sababu kule gari linalobadilishwa breki lazima liendelee kutimiza sheria yao ya breki za magari ya kazi, ADR 35, na watengenezaji wa seti kama hizi hupeleka gari likapimwe na mzigo na bila mzigo. Nilitaka kitu ambacho mtu alishakaa akapiga hesabu ya ukubwa wa pistoni, kwa sababu hapo ndipo seti nyingi za kubahatisha huharibika. Pistoni ya kalipa inataka mafuta mengi kuliko wili silinda ya dramu, ile silinda ndogo inayosukuma shuu. Ikiwa kubwa kupita kiasi, masta silinda ya gari (ile inayosukumwa na pedali) haitoshi na pedali inazama. Ikiwa ndogo kupita kiasi, nyuma hakuna breki, kwa sababu diski haijiongezei nguvu kama dramu; inataka msukumo mkubwa zaidi kwa kazi ileile.

Seti ikiwa kwenye kasha nikaipeleka Shimanzi, hapa Mombasa, kwa fundi mtu mzima anayefanya kazi za malori na pikapu, nyuma ya maghala. Jina la gereji siliweki hapa kwa kuwa mwenyewe hapendi. Anayetaka aulize Shimanzi kwa fundi wa breki mwenye presi (mashine ya kusukumia beringi), ataonyeshwa. Alilifungua kasha, akaipita diski na kalipa bila kuzigusa, akatoa kebo za hendibreki akazinyoosha sakafuni.

“Mwanangu, kabla hujaniambia habari ya diski, niambie ukiwa mtelemkoni pale majini utalizuia gari na nini?”

“Na hendibreki, mzee.”

“Basi tuanzie hapo.”

Na huo ndio moyo wa jambo lote. Kuna njia mbili za kuipa diski hendibreki. Moja ni kalipa yenye mkono: kebo huvuta mkono, skurubu iliyo ndani ya kalipa husukuma pistoni, pedi zikakaba diski. Nyingine ni dramu ndogo iliyofichwa ndani ya kitovu cha diski, yenye shuu zake ndogo ambazo hazina kazi nyingine ila kulishika gari lililosimama. Ya kwanza ni nyepesi na rahisi, lakini mkono ule una mhimili mwembamba unaopita kwenye sili ya mpira, na chumvi ikiingia hapo mkono haurudi. Pedi hubaki zimeuma na unaendesha huku gurudumu linaungua. Ya pili hukamata vizuri zaidi kwenye mlima, ila yenyewe ni dramu, nayo maji huingia. Seti yangu ni ya aina ya pili, na fundi aliikubali kwa sharti kwamba shuu zile ndogo zifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, si kungoja zilie. Wenye Land Rover 110 za zamani wamestarehe katika hili: hendibreki yao iko kwenye shafti inapotoka kwenye gia boksi, haiyagusi magurudumu, kwa hiyo ukiwabadilishia dramu za nyuma hendibreki haina habari.

Kazi ya kufunga ndiyo iliyonionyesha tofauti ya gereji na gereji. Kwenye Hilux, ile sahani ya nyuma ya dramu imebanwa katikati ya beringi na kichwa cha hafu shafti, ile shafti inayozungusha gurudumu. Huwezi kuitoa mpaka uvute hafu shafti, uitie kwenye presi, uisukume beringi itoke. Njia ya mkato ni kuikata sahani kwa grenda au kwa gesi, halafu utafute namna ya kukibana kibao cha kalipa. Gesi karibu na beringi na sili ya oili! Mzee huyu alizitoa hafu shafti zote mbili, akazipeleka kwenye presi, akatia beringi mpya na sili mpya bila kuniuliza mara mbili, akasema oili ya difu ikivuja juu ya pedi hiyo seti ya laki mbili na nusu inakuwa chuma chakavu. Alizifunga bolti za vibao kwa spana ya kupimia, akazitia alama ya rangi nyeupe kila moja baada ya kuikaza. Niliipenda alama ile. Hadi leo nikiinama chini ya gari naangalia kama mistari imebaki imeelekeana.

Valvu ya mzigo nayo ilichukua muda. Hii ni ile valvu iliyo kwenye chesisi yenye fito la chuma linaloshuka mpaka kwenye aksili. Gari likibebeshwa, chesisi hushuka, fito husukuma valvu, na breki za nyuma hupata msukumo zaidi. Gari likiwa tupu hupunguziwa ili nyuma isikabe kabla ya mbele, maana nyuma ikikaba kwanza gari hugeuka ubavu. Mimi nilishainua springi za nyuma kwa ajili ya trela, na watu wengi wenye Hilux zilizoinuliwa hawajui kwamba valvu hiyo huliona gari lao kuwa tupu siku zote, hata likiwa na saruji mifuko ishirini. Fundi alilirefusha fito kwa kipande cha kurekebishia, tukalipakia gari, tukashuka kwenye uwanja wa mchanga, tukalijaribu breki na kutazama mikwaruzo ya tairi: mbele ikabe kwanza, nyuma iifuate. Alirekebisha mpaka akaridhika. Mtu wa haraka angeiziba valvu au angeiondoa kabisa, na wapo wanaofanya hivyo.

Mafuta ya breki yalimwagwa yote, gari likatiwa DOT 4 mpya. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa unaijua. DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji hushuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kuishia 140. Kopo lililofunguliwa likakaa rafuni msimu mzima usilitie kwenye gari lako, hata kama ni la bure.

Kitu kimoja kidogo nilikitazama kwa karibu, nacho ni pini za kalipa. Kalipa ya nyuma ina pistoni upande mmoja tu, kwa hiyo lazima iteleze kwenye pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo ibane. Pini zikishika, pedi moja huliwa mpaka chuma na nyingine hubaki nzima. Mafundi wengi huzipaka grisi ya beringi, ile nyekundu au ya buluu. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa breki, na mpira uliovimba huing’ang’ania pini. Mzee alitoa kichupa cha grisi ya silikoni, akaipaka kidogo kwa kidole, akaisukuma pini, ikaingia na kutoka kwa sauti ya hewa, akanipa niisukume mwenyewe.

Baada ya hapo tuliilaza pedi kwenye diski. Tulikwenda barabara ya Dongo Kundu asubuhi, kabla ya malori kuwa mengi, tukapeleka gari hadi kilomita 60 kwa saa, tukashusha hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, tukarudia tena na tena mpaka harufu ikatoka, kisha tukaendesha bila kugusa breki zipoe. Ukisimama na mguu kwenye pedali wakati diski ina moto, pedi huacha alama yake pale pale, na baadaye utaisikia kwenye pedali kama mtetemo.

Sasa matokeo. Kwenye lami kavu, gari tupu, sioni kwamba linasimama karibu zaidi kuliko zamani. Kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na breki za mbele, kwa sababu uzito hurukia mbele, na nyuma haijawa mbele kwa kubadilishwa dramu. Anayekuuzia seti hii kwa kukuahidi umbali mfupi wa kusimama barabarani, muulize alilipima gari gani.

Nilichokipata ni kwamba breki ni ileile kila mara. Natoka majini, nagusa pedali, diski inajifuta yenyewe ndani ya mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu, na gari linashika pande zote mbili sawa. Kutoka Kwale kushuka hadi Kombani na trela nyuma, zamani pedali ilikuwa ikirefuka kadiri nilivyoteremka, kwa sababu dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia shuu. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi. Nashuka mteremko ule kwa gia ya pili kama nilivyokuwa nikishuka, lakini pedali nikifika chini iko pale ilipokuwa juu. Mke wangu, ambaye hana habari na kalipa wala dramu, ndiye aliyesema kwanza kwamba gari limeacha kumvuta mtu upande.

Jambo la pili ni kuona. Naingiza kichwa katikati ya tairi na bodi, naona pedi imebaki kiasi gani, naona kama kalipa inavuja. Diski ina unene wa mwisho uliochapwa na mtengenezaji, unapima kwa kipimo na unajua. Hakuna nyundo, hakuna bolti za kusukumia, hakuna tochi ya usiku.

Kasoro zipo. Pedali imekuwa ndefu kidogo kuliko ilivyokuwa na dramu zilizorekebishwa vizuri. Si mbaya, mguu umeshazoea, lakini ipo. Diski hulala zikaamka na kutu ya rangi ya chungwa, breki za kwanza za asubuhi zikaiondoa kwa mkwaruzo unaosikika; gari likikaa wiki nzima bila kutembea baada ya kuingia baharini, kutu ile huchimba, kwa hiyo likae lakini lioshwe. Natembea na mtungi wa maji baridi, yasiyo na chumvi, na pampu ya mkono, kila nitokapo majini napuliza ndani ya kalipa na nyuma ya diski. Na hendibreki, ambayo ndiyo tuliyoanza nayo, ni nzuri lakini haikushinda ya dramu kubwa ya zamani ilipokuwa mpya. Gari tupu linakaa kwenye mteremko wowote nilioujaribu. Likiwa na boti iliyojaa vifaa, kwenye njia yenye mwani, naivuta hendibreki, natia gia ya kwanza na fo-wili lo (gia nzito ya magurudumu yote manne), na kijana wangu anatia gogo nyuma ya tairi kabla sijashuka. Gogo tulilitumia hata siku za dramu. Asiye na gogo asishushe boti.

Shuu ndogo za hendibreki zilipofunguliwa baada ya miezi kadhaa zilikuwa na tope jepesi la mchanga na kebo moja imeanza kuwa nzito. Fundi aliiosha, akatia mafuta, akaniambia niagize kebo ya akiba sasa, si siku itakapokatika. Nimeagiza.

Bima niliwaandikia barua kuwaeleza mabadiliko, na nakala ya risiti ya seti na ya gereji nimeiweka kwenye faili la gari. Fanya hivyo kabla ya ajali, maana baada yake kila kitu kisichoandikwa hugeuka kesi.

Je, nawashauri wote? Kama Hilux yako inakwenda Nakumatt ya zamani Nyali na kurudi, au inabeba mchanga kutoka machimboni na haijawahi kuonja bahari, safisha dramu zako, badilisha wili silinda, rekebisha shuu na ile valvu ya mzigo, tia mafuta mapya. Utatumia sehemu ndogo ya pesa hizi na gari litasimama vizuri. Kama gari lako lina ABS, usitie seti yoyote ambayo mtengenezaji wake hakuandika waziwazi kwamba imepimwa na mfumo huo. Lakini kama unavuta boti, au unapita kwenye maji na tope kila siku, au unashuka milima na mzigo, hii ni pesa iliyofanya kazi, mradi tu uipeleke kwa mtu atakayeanza na kebo za hendibreki.

Pedi za nyuma za seti hii sijazikuta maduka ya spea ya mjini, kwa hiyo agiza seti ya ziada pamoja na kasha la kwanza. Usafiri ni mmoja. Gereji ya Shimanzi ilinitoza elfu thelathini kwa kazi, beringi na sili mbali, na gari lilikaa kwao siku chache. Hupokea kuanzia saa mbili asubuhi, Ijumaa hufunga kwa ajili ya swala na kufungua tena saa nane. Ukienda, nenda na seti yako kamili na karatasi zake za maelekezo, kwa sababu mzee huzisoma zote kabla hajashika spana.